Walimpeleka Coventry

Kache, nimejifungia jikoni. Yule mgeni yuko sebuleni na Babu Garama, na mkalimani wao ni mimi, siwezi kutoroka!

Ni mzee wa Kizungu. Mwaka ule kabla ya uhuru alikuwa meneja wa hoteli moja kule Galu, na babu alikuwa mpishi wake. Eti amekuja kumsalimia tu.

Sasa akacheka, akasema babu alipokataa kuitwa boi, "tulimpeleka Coventry". Si ni mji wa Uingereza? Nikafasiri hivyo hivyo. Shangazi Mbodze akapiga kigelegele, kumbe babu amefika Ulaya!

Kache, babu hakucheka.

Akaniambia, "Sikupelekwa popote. Kwa Kiingereza chao hiyo ni kususiwa. Aliwaamuru wenzangu wote wasinisemeshe. Msimu mzima nilikula peke yangu. Hata salamu yangu haikuitikiwa."

Hata salamu! Babu yetu!

Mgeni akaniuliza, "Amesema nini?" Nikababaika, nikataka kumdanganya. Babu akanikazia macho. "Mfasirie yote, usimpunguzie hata neno. Na umwambie ninataka aniombe radhi leo."

Nimeyasema yote. Mzungu amekuwa mwekundu hadi masikioni. Akainuka, akaushika mkono wa babu kwa mikono miwili, akasema kwa Kiswahili kibovu, "Nisamehe, Garama."

Babu ameniambia nilete chai, vikombe viwili, na nisikawie.