Lenzi Isiyotaka Miguu Mitatu

Bugolobi, Kampala
Jumapili, 14 Novemba 1976

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Ochan,

Pokea salamu nyingi za binti yako Lamunu, anayekuandikia akiwa mzima, ameshiba, na paa la chumba chake limeacha kuvuja. Natumaini barua hii itakukuta nawe u mzima, bega halikusumbui sana kwa mvua hizi, na Mama amepona kikohozi chake. Yule mbuzi mweusi amezaa? Mwambie Mama sukari na sabuni alizobeba Fabiano ni zake, asiwagawie majirani wote. Huku vitu hivyo havipatikani ila kwa kujuana.

Nakuandikia kwa Kiswahili kama ulivyotuzoeza kule kwenye kota za askari wa wanyama, ambako Waacholi, Waaluri na Wamadi hawakuwa na lugha nyingine ya kugombana. Namkabidhi Fabiano barua hii mkononi, maana yeye analala na lori lake na hamwonyeshi mtu mzigo wa watu. Barua za posta siku hizi husomwa na wengi kabla hazijamfikia mwenyewe. Ukishaisoma, ichome. Picha iliyomo usiichome.

Nianze na kazi. Nilikuambia kwamba pale studio napokea wateja na kuandika majina yao. Ni kweli, lakini si kweli yote. Tangu mwaka jana mpiga picha ni mimi. Aliyekuwapo alitoka asubuhi moja kwenda kutafuta mkate na hakurudi. Tulilia wiki nzima, kisha tukasikia yuko Nairobi, mzima, mwenye mkate. Hajati Safinah, mwenye studio, akanitazama na kuniambia nishike kamera, kwani nani mwingine yupo? Hajati ni Mnubi wa Bombo, alikuwa akiuza vitambaa kwenye maduka ya Kikuubo, akapewa duka hili la Nakasero Wahindi walipofukuzwa. Mpaka leo filamu anaipima kwa mkono, kutoka kidoleni mpaka kiwiko. Lakini ana roho nzuri, na anaogopwa na watu wanaostahili kuogopa, nami najificha nyuma ya kanzu yake.

Mwezi wa nane ofisi moja ya serikali ilimwita ikitaka picha za wanyama wa porini kwa ajili ya kalenda ya ukutani. Wanyama wenyewe, wakiwa hai, wakiwa karibu. Hajati alikubali hapo hapo, kisha akaja kuniuliza kama tunaweza. Nilimwambia kwa kamera tuliyo nayo ndovu atatoka kama mbegu ya ufuta. Siku hiyo hiyo akatuma habari kwa Emérence.

Emérence ni mama wa Bukavu anayevuka mpaka na vitenge, na ndani ya vitenge huwa na kila kitu. Safari hii alileta lenzi ya kuvutia vitu vya mbali. Baba, ningekuwa sijui kamera ningedhani ni kopo la samli: fupi, nene, jeusi. Alikuwa ameizungusha nchi mbili bila mnunuzi, kwa sababu ukiitazama kwa mbele ina doa jeusi la mviringo katikati ya kioo, na kila mtu alimwambia imepata mtoto wa jicho. Emérence mwenyewe alikuwa amekata tamaa, akawa anawekea humo sindano zake za kushonea. Nikakumbuka kitabu kimoja alichoacha yule Mhindi mwenye duka wa zamani. Lile doa ni kioo kidogo cha kujitazamia, na nyuma kuna kingine kikubwa. Mwanga unaingia, unagonga huku, unarudi kule, ndiyo maana lenzi ni fupi na bado inaona mbali. Haikuwa mbovu hata kidogo. Tuliipeleka sokoni Nakasero, muuza maharage akaiweka kwenye mizani yake, haikufika kilo moja. Hajati alitaka kumpigia vigelegele muuza maharage.

Emérence alitupa siku nne za kuijaribu. Hapo ndipo unapoingia wewe, Baba, na sitakuficha kwamba nilikukasirikia.

Siku ya kwanza niliiweka ndani ya kikapu chini ya mkungu wa matoke nikashuka hapa Bugolobi, kule karibu na kinamasi, ambako makalooli wamejenga viota juu ya miti. Unawajua, wale ndege wakubwa wenye kipara na mfuko shingoni, wanaotembea kama karani aliyenyimwa likizo. Nilipiga filamu nzima. Nikarudi nikaisafisha, na haikuwa na picha hata moja. Ukungu mtupu, kama nimepiga kupitia uji. Hajati aliipima hasara ile kwa mkono, kutoka kidoleni mpaka kiwiko.

Nilikaa kwenye chumba cha giza nikifikiri, ndipo nikasikia sauti yako. Kitu cha mbali, zungusha mpaka mwisho. Ulikuwa ukitufundisha hivyo kila siku, kwa sababu ndivyo ulivyomwona yule Mswidi mpiga picha za ndege akifanya na lenzi yake kubwa. Nami nilikuwa nimezungusha mpaka mwisho. Kumbe hii mpya haina mwisho wa namna hiyo. Vioo vyake hunyooka na kujikunja kwa joto, kwa hiyo waliotengeneza wameiachia nafasi ya kupita mbali kuliko mbali. Ni lazima utazame kwa jicho lako mwenyewe na usimame pale kitu kinapokuwa wazi. Basi filamu ya kwanza umeiharibu wewe, na filamu hazipatikani. Nimekusamehe, lakini nimekutaja kwa Hajati.

Siku ya tatu nilirudi kinamasini jua likiwa juu, maana lenzi hii haina tundu la kufungua na kubana; inataka mwanga mwingi na mkono usiotikisika. Nilijiegemeza kwenye ukuta, nikabana viwiko mbavuni, nikavuta pumzi. Hakuna stendi ya miguu mitatu wala mtu wa kubeba. Nilimwona kalooli akimlisha mtoto, nikaona hata manyoya ya mtoto yakipepea. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Nilipogeuka kulikuwa na Land Rover na askari amesimama nyuma yangu na bunduki. Aliniuliza, "Wewe mama, nafanya nini hapa? Hii kitu ni ya nini?" Baba, nilishusha kamera polepole. Unajua watu wanapelekwa wapi kwa makosa madogo kuliko kuelekeza kitu mahali. Ila nilikumbuka ulivyotufundisha juu ya nyati: usikimbie, usimpe mgongo, mpe nafasi ajue wewe ni nani. Nilimwamkia, nikamwambia napiga ndege kwa kazi ya serikali, nikampa kamera atazame mwenyewe. Aliitazama muda mrefu sana. Kisha nikaona mabega yake yanatikisika, anacheka. Alimwita mwenzake akimwambia, "Kuja ona huyu, mukubwa nakula samaki ya mutoto!" Jina lake Abudu, ametoka kando ya mto Nile, na alisema kwao ndege hawa wanamwibia nyanya yake samaki.

Basi akataka naye apigwe. Lenzi hii mtu wa karibu haimwoni, kwa hiyo nilimwambia arudi nyuma. Akarudi. Nikamwambia bado. Akarudi tena, mpaka akafika barabarani, bunduki begani, anauliza kwa sauti kama nataka kumrudisha kwao Arua. Nilimpiga pale. Picha yake imetoka vizuri ajabu: uso uko wazi, na nyuma yake mwanga uliopenya majani umekuwa pete pete kama bangili, maana ndivyo lenzi hii inavyofanya. Alikuja kuichukua Nakasero, akamwamkia Hajati kwa heshima kama mama yake. Usiku wa siku ile ya kinamasini hofu iliyochelewa ilinifikia, sikulala. Lakini nilikuwa na furaha pia, na ile furaha ndiyo iliyobaki.

Hajati ameinunua lenzi. Ofisi imeziona picha, imekubali, na mwezi wa kwanza, nyasi zikishakauka, natumwa mbugani kwetu kwa wiki mbili nikiwa na barua yenye mhuri. Wameniruhusu kuchagua mtu wa kuniongoza anayejua njia za wanyama. Nimeandika jina lako.

Najua unatikisa kichwa. Najua kwamba tangu walipokunyang'anya V zako tatu za cheo ukawekwa kwenye geti, ulikaa miaka minane, mpaka ukastaafu, ukiinua na kushusha ule mti kwa ajili ya magari ya watu, na hata siku moja hukuingia ndani. Ulisema mtu ambaye mkono wake unasahau hafai kuongoza wageni. Kwa ajili ya neno hilo imenibidi niandike barua hii, na yote niliyoandika mpaka hapa nilikuwa nazungukazunguka tu.

Baba, unakumbuka ile alasiri kabla lenzi ya Mswidi haijavunjika? Ilikuwa barazani kwetu juu ya miguu yake mitatu, kwa sababu Mswidi alikuamini kuliko wenzake, na wewe ulikwenda kula. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Ulikuwa umeibeba lenzi ile miaka mitatu, bega likatoka kidonda, na hakuna aliyewahi kukuambia utazame. Mimi nilitaka kutazama. Nilipanda juu ya debe, nikalegeza ile skrubu ya chini ili niishushe, nikaielekeza mtoni, nikaona sikio la kiboko likitikisika na kurusha maji. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Kisha nikasikia viatu vyako. Nilirudisha lenzi ilivyokuwa, nikaruka chini, nikakimbilia jikoni kwa Mama. Skrubu sikuikaza.

Asubuhi uliiinua yote begani, stendi na lenzi, kama ulivyozoea, na kwenye mteremko wa mto ikachomoka ikaanguka juu ya mawe. Uliwaambia wakubwa wako kwamba uliikaza. Hawakukuamini. Nilikuwa nyuma ya mlango siku ile uliporudi na mkono wa shati wenye alama za nyuzi zilizong'olewa, na nilisikia ukimwambia Mama kwamba labda kweli ulisahau. Nilinyamaza. Kwanza kwa kuogopa kiboko cha mkononi, si cha mtoni. Baadaye kwa aibu. Baadaye kwa kuzoea, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Tangu hapo nimekuona ukifunga mlango, ukirudi kuushika, ukirudi tena mara ya tatu. Umekuwa ukifanya hivyo na kamba ya mbuzi, na kifuniko cha mtungi, na vifungo vyako mwenyewe. Watoto wakacheka wakisema ni uzee. Si uzee, Baba. Ni mimi.

Mkono wako haukusahau. Uliikaza skrubu kama ulivyosema, na ulisema kweli mbele yao wote.

Sikuombi unisamehe kabla ya chakula cha jioni. Kasirika kadiri unavyotaka, una haki ya miaka kumi na miwili. Nakuomba tu usinikatalie safari kwa sababu ya uongo ambao mimi ndiye niliyeufuga. Ukikubali kuja, mpe Fabiano ile kofia yako ya mbugani iliyo chini ya sanduku la Mama, aniletee, nikiiona nitajua. Ukikataa, mpe salamu tu, na nitazipokea.

Ukija, wewe utashika njia. Lenzi nitaibeba mimi, na wewe ndiye utakayetazama kwanza.

Nisalimie Mama, mwambie nitamwandikia yake peke yake na aanze kuandaa bakora. Nisalimie wadogo zangu wote, na mbuzi. Mungu awalinde, na sisi huku atukumbuke.

Ni mimi binti yako mwenye deni kwako,

Lamunu

Picha niliyoweka ni ya kalooli na mtoto wake. Ni sura mbaya zote mbili, najua, lakini itazame vizuri pale kwenye manyoya ya shingo. Hakuna kilichotikisika.