Kidole Gumba cha Oronzo

Taranto, 3 Februari 1943

Mama mpendwa,

Nakubusu mkono. Mimi mzima, meno yote yapo, ila chakula cha huku hata mbuzi wetu angekikataa. Kifua chako vipi? Anayeniandikia ni Cataldo wa bohari kama kawaida, maana mkono wangu unajua spana tu. Nusu ya tini zako amekula yeye, mwizi mkubwa, na hapa anacheka huku akiandika. Kesho tunashuka tena na nyambizi. Tunakokwenda mkaguzi wa barua hataki ujue, na mimi mwenyewe siambiwi. Nikichelewa usianze kulia mapema. Sahihi yangu ni ile ile: kidole gumba cha kushoto na mafuta ya injini, na kovu la kisu cha tumbaku katikati, ujue ni mimi.

Mwanao,
Oronzo

Tricase, 14 Februari 1943

Mwanangu Oronzo,

Mungu akubariki. Kifua kinakohoa lakini tunakwenda nacho hivyo hivyo. Binamu yako Uccia ndiye anayenisomea na kuniandikia, ila kidole chako sihitaji kusomewa. Nimekibusu mpaka midomo ikawa myeusi, Uccia akanicheka. Natuma tini nyingine, za lozi ndani. Mwambie huyo Cataldo hizi si zake. Mkifika nchi kavu uniandikie, hata mstari mmoja.

Mama yako

Taranto, 29 Machi 1943

Mama mpendwa,

Nakubusu mkono. Sisi sote wazima, tunamshukuru Mungu. Nilichelewa kuandika kwa sababu ya kazi. Bahari ilikuwa shwari na chakula kilikuwa kizuri. Kifua chako kinaendeleaje? Ujifunike, usitoke kwenda kwenye shamba la tumbaku kukiwa na baridi. Usihangaike juu yangu hata kidogo. Tini zilikuwa tamu sana, asante.

Mwanao,
Oronzo

Tricase, 6 Aprili 1943

Mwanangu,

Hujambo? Nauliza kweli, maana barua yako sijaielewa. Nimemwambia Uccia arudie kuisoma mara tatu. Tangu lini Oronzo akasifu chakula? Hujamtukana mtu hata mmoja. Na tangu lini ukaniambia asante?

Halafu kidole. Nimekiweka dirishani kando ya barua zako zote za nyuma. Mafuta ni yale yale, lakini kidole hiki ni kinono kuliko chako na hakina kovu. Uccia anasema, "Shangazi, karatasi imeteleza tu." Nikamwambia karatasi ikiteleza inachafuka, haiponyi kovu. Umeumia? Wamekukata mkono mnanificha? Nitumie kidole cha kushoto, na ukibonyeze vizuri.

Mama yako

Taranto, 15 Aprili 1943

Mama mpendwa,

Nakubusu mkono. Wewe una shaka kuliko polisi! Nilikuwa na haraka, nikabonyeza cha kulia. Vidole vyote kumi vipo. Hiki hapa cha kushoto, na kovu lake hilo. Sasa utulie, unywe dawa. Likizo hazitolewi, kwa hiyo usinisubiri Pasaka.

Mwanao,
Oronzo

Tricase, 26 Aprili 1943

Kwako wewe unayeandika,

Sikuulizi afya mpaka nijue jina. Kovu nimeliona. La Oronzo lina miaka kumi na mbili, kwenye karatasi linaacha njia nyeupe, nyembamba kama uzi. Lako ni pana, kingo zimechanika, na pembeni pana doa la kahawia ambalo si mafuta. Nimefua nguo za watu maisha yangu yote, damu naijua. Umejikata.

Nilidhani wewe ni tapeli, umeiga mwandiko, unatafuta kitu kwangu. Kisha nikadhani Oronzo ametoroka na wewe unamficha, nikafurahi, Mungu anisamehe. Lakini leo asubuhi nimekitazama tena. Hakuna mtu anayejikata kidole kwa ajili ya mwenzake aliye hai. Niambie. Nimeshakaa chini.

Addolorata, mama yake Oronzo

Taranto, 4 Mei 1943

Mama Addolorata,

Nakubusu mkono, ukiniruhusu. Ni mimi, Cataldo wa bohari. Nyambizi iliondoka tarehe nne Februari na haikurudi. Watu arobaini na sita. Siku yao ya kurudi tulisimama gatini mpaka giza, kesho yake tena, na wiki nzima iliyofuata. Hakuna aliyeona chochote, hata kipande cha ubao.

Kwenye fomu ya jamaa wa kupewa habari Oronzo alitaja jina langu. Alisema kifua chako hakitaweza karatasi ya posta, likitokea la kutokea niende nikuambie mwenyewe, tukiwa tumekaa. Nikaahidi. Machi nilipewa likizo, nikaanza safari ya kuja kwako, nikafika stesheni ya Lecce, nikageuza. Niliogopa. Kuandika nilikuwa nimezoea, nikaandika. Tini za lozi sikuzila, zimo kabatini kwangu. Nisamehe.

Cataldo

Tricase, 12 Mei 1943

Cataldo,

Mungu akubariki. Hujambo? Kifua changu kimeweza. Uccia analia, anaharibu wino. Mimi nilijua tangu uliposema asante, sikutaka tu kukubali.

Umenidanganya na nina hasira na wewe. Msamaha sitautuma kwa posta. Utaufuata hapa, tukiwa tumekaa, kama alivyotaka mwenyewe. Ukifika Lecce usigeuze, panda treni ya Tricase. Njoo na hizo tini tuzile pamoja, maana alizozipenda ni hizo. Kidonda ukioshe kwa siki.

Na ukiniandikia siku ya kuja, weka kidole chako. Nitakijua.

Mama yako