Kisanduku cha Marehemu Evaristo Charudi Kutoka Angani

KLABU YA REDIO YA LOS TEROS
Kikao cha kamati, Jumamosi, 16 Novemba 2019, saa 11:00 jioni, banda la klabu

Waliohudhuria: Rogelio Bertarini (Mwenyekiti), Hugo Marchisio (fundi wa antena), Ofelia Zubeldía (Katibu).
Waalikwa: Bi. Nélida Echarri, mjane wa mwanzilishi wetu Evaristo; na Bw. Saturnino Ledesma, mchunga ng'ombe.
Kwa udhuru: Mweka Hazina, yuko shambani anakata kondoo manyoya.

KUMB. NA. 1/11/2019: KUFUNGUA
Mwenyekiti aliwashukuru waliofika. Bw. Marchisio aliomba iandikwe kwamba Mwenyekiti alichelewa dakika ishirini. Imeandikwa.

KUMB. NA. 2/11/2019: SAFARI YA PUTO
Mwenyekiti alieleza kwamba puto lilirushwa Jumapili tarehe 3, likapanda kilomita thelathini na moja, likapasuka kama ilivyotarajiwa na parachuti ikafunguka. Lilibeba kisanduku cha kurushia mawimbi, kazi ya mwisho ya marehemu, ambamo alirekodi maneno kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi za Morse, milio mifupi na mirefu. Bi. Nélida alikiazima kwa sharti moja tu: kirudi. Hakuna kingine chenye mkono wa mumewe, yaani namna yake ya kugonga herufi.

Karibu na ardhi mawimbi yalikatika. Jumanne, siku ya tatu ya msako, Bi. Nélida akiwa ndani ya gari, redio ilisikika ikitoa mlio hafifu. Mwenyekiti alisema, "Huo ni uzio wa umeme wa ng'ombe, Hugo. Geuza gari, tumekwisha." Bw. Marchisio alijibu kwamba masikio ya Mwenyekiti husikia nyama ikichomwa tu. Maneno yaliyofuata hayahusu klabu.

Bi. Nélida aliwakatiza: "Nyamazeni! Huyo ni Evaristo. Herufi ya pili anaiburuta. Miaka arobaini na moja nimeisikia nikiwa jikoni. Uzio unaburuta?"

Gari halikugeuzwa. Kilomita sita mbele, kisanduku kilikutwa nyumbani kwa Bw. Ledesma.

KUMB. NA. 3/11/2019: LEBO
Bw. Ledesma alieleza kwamba alikiokota Jumapili ile ile, akakiweka dirishani mvua isikinyeshee. "Nilitafuta namba ya simu, wapi! Nimeona jina la kituo na masafa. Mimi redio yangu ya kusikilizia mpira. Mlitaka niwapigie kwa puto?"

Katibu, aliyeandika lebo hiyo, alikiri kwamba haikumjia akilini kwamba kuna mtu asiye na redio ya kurushia. Mwenyekiti alisema wanachama wamezoeana wenyewe kwa wenyewe mno. Bw. Marchisio alicheka peke yake.
AZIMIO: Kila lebo iwe na namba ya simu.

KUMB. NA. 4/11/2019: SHUKRANI
Kamati ilimshukuru Bw. Ledesma kwa moyo wote. Mwenyekiti alisimama akamwambia Bi. Nélida, "Shemeji, mimi ningegeuza gari. Nisamehe." Alijibiwa, "Nimekusamehe, shemeji. Ila ukinirudisha nyumbani endesha polepole."

Bi. Nélida alikabidhiwa kisanduku, akaomba kiwashwe. Kilipolia alikiwekea mkono, kisha akauliza, "Kwani kinasema nini?"

Haikujulikana kwa yeyote kwamba hajui Morse. Bw. Marchisio alimweleza: "Jina la klabu, shemeji. Halafu nane-nane, yaani mapenzi na mabusu. Sisi watu wa redio nane-nane humpelekea mke, mpenzi."

"Labda aliipelekea klabu," alisema Bi. Nélida.

"Klabu? Miaka yote ile hatukupata hata moja."

Bi. Nélida alisikiliza mara tatu zaidi. Kisha alisema, "Nilikuwa upande wa pili wa ukuta tu. Si angegonga!" Alicheka, akalia, na kamati pamoja naye. Bw. Ledesma alivua kofia.

Hapakuwa na mengineyo. Kikao kilifungwa saa 12:40 jioni, kisanduku kikiendelea kulia.

R. Bertarini, Mwenyekiti ...................
O. Zubeldía, Katibu ...................