Gunia la Watu wa Ngara

Kukhu, nyanya yangu,

Wewe ndiwe wa kwanza kuambiwa: nataka kuwa fundi wa mitandao kama Baba Mdogo. Leo amenipeleka kanisani Muthangari, anakorusha ibada kwenye televisheni za kila orofa. Picha zilikuwa zikikwama, na mchungaji alisema zikikwama tena leo atatafuta fundi mwingine. Nilijua tatizo, lakini unanijua nilivyo na haya. Mwishowe nikamnong'oneza Baba Mdogo, "Unaitumia kila televisheni nakala yake peke yake."

"Prof, ongea kwa sauti bana! Hizi mashine hazisikii minong'ono," akajibu, maana yeye huniita Prof.

Nikamkumbusha ndizi zako. Hutumi mfuko kwa kila mjukuu. Sisi wa Ngara unatufungia gunia moja, Shangazi anatugawia hukuhuku. Televisheni za orofa moja nazo ziwe kundi moja, zitumiwe nakala moja, igawanywe hukohuko juu.

Alicheka sana. "Kumbe Mathe ni injinia!" akasema juu yako, mama yake. "Haya, zipange."

Mungu akutunze, Kukhu. Nakukumbuka kila nikimenya ndizi.

Nilipanda ngazi, nikazipanga televisheni orofa baada ya orofa. Ibada ilipoanza nilikaa kiti cha nyuma, nikatazama wimbo wa kwanza hadi mwisho. Picha haikukwama.