Vifuniko vya Ndoo za Samaki

~~Baba watoto, usiliguse tena tangi la samaki.~~

Hapana. Liguse, tafadhali. Nimechelewa kazini, na samaki wetu wa baharini, Mzee Mashavu, bado amelala ubavu, anahema. Ukirudi saa sita, kila baada ya saa moja chota kikombe kimoja cha maji ya tangi, mwaga, kisha jazia kikombe kimoja kutoka ndoo ya buluu, si ile uliyoizoea. Kimoja tu! Chumvi ikishuka ghafla, mshtuko utammaliza.

Asubuhi nilipopima chumvi, mshale ulikuwa umepita alama nyekundu. Ndiyo maana nikakufokea mbele ya watoto. Ukaapa kwamba maji yakipungua huwa unajazia kutoka ndoo iliyoandikwa MAJI MATUPU. Nikakuita mwongo. Ukaondoka bila kunywa chai.

Ulipofunga mlango nikachovya kidole kwenye ndoo hiyo, nikaonja. Jamani! Chumvi kali! Wiki tatu umekuwa ukiongeza chumvi juu ya chumvi, maana maji hukauka lakini chumvi haiendi popote.

Na maandishi ni yangu. Niliyabandika kwenye vifuniko vya ndoo zote mbili, ya maji matupu na ya maji ya chumvi, na siku niliyoosha ndoo nikafunika kinyume. Mimi, ninayewagombeza wote kwa kutosoma!

Sasa nimeandika kwenye ndoo zenyewe. Watoto, msigonge kioo. Na baba yenu, kabla hajashika kikombe cha samaki, aanze na chake. Chai iko kwenye chupa.

Mama
(mwongo ni mimi)