Jiko Kwenye Bango la Monica

Kilema, 9 Julai 1993

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na baba hamjambo, na mbu wa Chekereni wanawaachia mlale. Mimi na Bibi tu wazima, ila baridi imeshuka kweli. Ukungu hauondoki kwenye migomba mpaka karibu mchana.

Mwalimu Yuditha wa Sayansi ametuambia kila mtu wa darasa la sita achore bango la kujikinga na baridi. Litakaloshinda litabandikwa siku ya mkutano wa wazazi. Nimeandika: vaa sweta kavu, kunywa uji wa moto, usikae na nguo zilizoloa. Lakini wenzangu wote wameandika hayo hayo. Niambie jambo ambalo hawalijui.

Bibi ananicheka, anasema baridi haijui kusoma. Yeye huingiza jiko la mkaa chumbani tunakolala na kuziba dirisha kwa gunia. Joto linakuwa zuri, ila asubuhi naamka kichwa kinaniuma.

Barua hii anakuja nayo Mama Ndelilio, anashuka kuuza ndizi.

Mwanao,
Monica


Chekereni, 14 Julai 1993

Mwanangu Monica,

Marahaba. Sisi tupo, mgongo tu ndio unalalamika, tunapandikiza mpunga. Barua yako nimeisomea palepale majarubani, na nilipofika kwenye habari ya kichwa nikaacha miche, nikaja kukuandikia.

Hilo jiko lisilale ndani! Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa mbaya isiyo na harufu. Mtu anaona usingizi mtamu, haamki. Mwaka jana wakati wa mvua tulizika jirani yetu na mkewe hapa, walilala na jiko, hawakuwa na homa wala jeraha.

Bibi ni mama mkwe wangu, siwezi kumwagiza afanye nini nyumbani kwake. Nimemwomba baba yako amwandikie, akasema mama yake hafundishwi kuota moto. Basi lichore jiko hilo kwenye bango. Wewe ni mjukuu, utasamehewa. Na dirisha lifungue hata akigomba.

Nijibu upesi.

Mama yako


Kilema, 24 Julai 1993

Mama,

Shikamoo. Afya ni nzuri, nyumba ndiyo si nzuri.

Bango langu lilishinda. Nilichora bibi kizee amelala, jiko pembeni, dirisha limezibwa, na juu yake alama kubwa nyekundu ya kukataza. Nikaandika: MKAA NDANI NI KIFO. Sikukusudia, mama, lakini mkono ulizoea, nikamchorea kilemba cha kijani kama cha Bibi.

Siku ya mkutano kina mama wakalizunguka. Mmoja akasema, "Jamani, si huyu hapa?" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Bibi hakungoja mkutano uanze. Nilimkuta nyumbani anahamisha godoro lake kwenye kile chumba cha nje cha kuwekea majani ya ng'ombe. Jiko pia amelibeba.

Nikamwambia, "Bibi, nisamehe. Mama alisema ni hatari."

Akajibu, "Kumbe ni mama yako. Mwambie nalala ambako hakuna wachoraji."

Tangu hapo ananipa chakula bila neno. Anajifungia kwa komeo. Mwalimu anasema nikitaka atalibandua bango. Nifanyeje?

Mwanao,
Monica


Chekereni, 29 Julai 1993

Monica mwanangu,

Marahaba, na pole. Mzigo huo ulikuwa wangu nikakutwika wewe.

Mwombe Bibi radhi kwa kilemba, piga magoti kabisa. Kwa jiko usiombe radhi. Bango libaki. Na mwambie baba Thadeus wa jirani ajue anakolala. Mwambie leo, usingoje kesho.

Baba yako sasa hasemi tena kwamba mama yake hafundishwi. Naona anaangalia huko kwenu mlimani kila mawingu yanapofunguka.

Mama yako


Chekereni, 11 Agosti 1993

Monica,

Hujambo? Bibi hajambo? Mama Ndelilio ameshuka bila barua yako. Nimemuuliza, anasema hakupita kwenu, anajua tu kwamba asubuhi moja watu walikuwa wengi uani. Watu wengi kwa nini? Nimemwaga chai, nimemkaripia mtoto wa watu bure. Baba yako ameacha zamu yake ya kumwagilia mpunga, anatafuta gari la kupanda.

Andika hata mstari mmoja.

Mama


Kilema, 13 Agosti 1993

Mama,

Shikamoo. Bibi yuko hai. Nimeanza na hilo usije ukasoma ukiwa umesimama.

Nilichelewa kukuandikia kwa sababu tulikuwa hospitali. Asubuhi ile ng'ombe alilia sana, hajakamuliwa. Nikagonga mlango wa Bibi, kimya. Nikapiga kelele, baba Thadeus akaja akauvunja kwa shoka. Jiko lilikuwa bado na joto. Bibi alilala vizuri kabisa, mama, kama mtu anayeota ndoto njema, na hakuitika. Tukambeba mpaka nje kwenye ukungu, mimi nikashika miguu. Nilimwita kwa majina yake yote. Baadaye akatapika, akafungua macho, akauliza, "Nani amevunja mlango wangu?" Nikalia kwa sauti mbele za watu.

Hospitali walimpa hewa ya mtungi, jana wakaturuhusu. Baba amefika jioni hiyohiyo, ameketi naye jikoni. Bango bado lipo shuleni. Bibi hajalitaja, na mimi sithubutu.

Ila jana mwenyewe alibeba blanketi lake akaja kulala kitandani kwangu, bila jiko. Miguu yake ni ya baridi sana, anaiweka juu ya yangu. Silali, mama. Nasikiliza anavyopumua, na kimya kikizidi namgusa.

Anasema, "Lala, mtoto. Bado nipo."

Njoo.

Mwanao,
Monica