Hofu Niliyomfundisha Konsolata

Jumatatu, 3 Machi
Dawa, uji, kisha jaribio. Konsolata, dada yangu mdogo anayeniuguza hapa Burumba, alikula karanga za kukaanga kibarazani. Kuku ndani ya tenga, hatua ishirini mbele yake. Hakukimbia, yeye anayeogopa kuku tangu utotoni! Daktari amenipa wiki chache tu. Zinatosha.

Jumamosi, 8 Machi
Hatua kumi na mbili. Alikunja uso, akaendelea kutafuna. Hakuna kitu anachopenda kama karanga. Kuku na karanga vikija pamoja kila siku, woga hupungua. Nimefundisha haya chuoni miaka mingi. Sasa nayaona kwa macho. Furaha ya kitoto. Aliuliza, "Mzee, huyu kuku atahama lini?" Nikadanganya kwamba ni wa jirani.

Jumatano, 12 Machi
Niandike kabla mkono haujagoma. Nilikuwa mwanafunzi wa ualimu, likizoni. Konsolata alikuwa na miaka minne na alipenda vifaranga. Kila aliponyoosha mkono kumshika mmoja, niligonga sufuria kwa nguvu nyuma ya kichwa chake. Siku saba. Ya nane sikugonga, naye alipiga mayowe kwa kumwona kifaranga tu. Insha yangu kuhusu jaribio hilo ilisifiwa darasani. Nyumbani walisema ana pepo. Huko Moding alikoolewa, wakwe walimcheka: mke gani hawezi kumpikia mgeni kuku? Mumewe akamrudisha. Nilijua sababu. Nilinyamaza. Mwoga mimi.

Ijumaa, 21 Machi
Hatua tatu! Moyo ulidunda hadi nikalazimika kulala. Kisha aibu. Namfanyia jaribio tena bila kumwambia.

Jumamosi, 22 Machi
Nimemwambia yote. Aliweka bakuli la karanga chini.
"Mwalimu mzima! Nimeombewa makanisa matatu, na wewe umekaa hapo unasema amina?"
Nikasema ndiyo. Akacheka, kicheko kibaya.
"Basi kuanzia leo ni mimi nitasema huyo kuku asogee lini."

Alhamisi, 3 Aprili
Amegusa bawa! Akapiga kelele, kisha akagusa tena. Nimelia. Tangu siku ile haniambii neno ila "meza dawa."

Jumapili, 6 Aprili
Amemkamata kuku mwenyewe, akampika. Mimi nimepewa ugali na mchuzi. Firigisi, ambayo kwetu ni ya mwanamume mkubwa wa nyumba, ameila yeye, polepole, akinitazama. Nikachovya tonge. Mchuzi ulikuwa mtamu.